Maswali ya wasafiri wa umra: dereva wa kukodi, treni au basi?

Msimu wa kuulizia vifurushi vya umra umewadia, na maswali mengi mliyonitumia yanahusu usafiri wa Jeddah, Makka na Madina. Nimechagua machache.

*Nampeleka mama yangu, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Wakala anasema tupande treni kila mahali kwa kuwa ni haraka. Nimsikilize? (Msomaji, Tanga)*

Msikilize nusu. Treni ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018, inakimbia hadi kilomita 300 kwa saa, na kilomita 450 hivi za Makka na Madina inazimaliza kwa saa mbili na ushei. Ila kituo cha Makka kiko Rusayfah, kilomita kadhaa kutoka Msikiti Mtukufu, na cha Madina nacho kiko mbali na Msikiti wa Mtume. Kwa hiyo safari ya treni kati ya miji hiyo miwili ina teksi mwanzo na teksi mwisho, na mabegi yanapakiwa na kushushwa kila mara. Kwa bi mkubwa, huko kupanda na kushuka ndiko kunakochosha.

Mkitua Jeddah, chukueni dereva. Awapokee mkitoka na mizigo, awashushe hotelini Makka, basi. Kwenda Madina, mpandishe treni. Gari litachukua saa nne hadi tano, na magoti mabovu yakikunjwa muda wote huo atashuka hawezi kusimama. Ndani ya treni choo kipo, na anaweza kuinuka akanyoosha miguu. Kiti cha magurudumu kiombeni mapema, msingoje hadi mfike kituoni.

*Tuko sita, na bei ya dereva imetutisha. (Msomaji, Mombasa)*

Ulizeni kwanza kama ni bei ya gari au ya kichwa. Kawaida ni ya gari, kwa hiyo igaweni kwa sita, kisha ilinganisheni na tiketi sita za treni pamoja na teksi za pande zote mbili. Hizo teksi ndizo watu wanazozisahau. Dola moja ni riyali 3.75 na kiwango hicho hakiyumbi, kwa hiyo hesabu yenu ya leo haitaharibika mkifika. Hakikisheni tu gari linabeba watu sita *na* mabegi yao. Basi ndilo la bei nafuu kuliko yote, na linawafaa vijana wenye begi moja moja.

*Tukitoka Madina kwenda Makka kwa treni, ihramu tunavaa wapi? (Msomaji, Zanzibar)*

Swali zuri, na ni bora limeulizwa kabla ya safari. Treni haisimami Dhul Hulayfa, mnapopaita Bir Ali, ambako ndiko mikati, yaani mahali pa kutia nia ya ihramu kwa anayetoka Madina. Ogeni na mvae ihramu hotelini. Wengi hutia nia treni inapoondoka kituoni, ili wasiipite mikati bila nia, lakini hapo sheikh wa kundi lenu ndiye wa kuwaongoza. Kama moyo wenu unataka kuswali pale mikati penyewe, hiyo ni sababu ya kutosha kukodi dereva kwa njia hiyo. Mwambieni tangu siku ya makubaliano kwamba mtasimama, na kwa muda gani. Mkimwambia njiani atadai nyongeza.

*Naweza kukodi gari niendeshe mwenyewe? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Sikushauri. Kule wanapita kulia, usukani uko kushoto, na barabara za karibu na Msikiti Mtukufu hufungwa nyakati za swala. Umekwenda kufanya ibada, ndugu yangu.

*Uwanja wa ndege kuna wanaume wanaokufuata wakinong'ona "teksi, teksi". Wanaaminika? (Msomaji, Kampala)*

Usiwafuate, hata wakitaja bei ndogo. Panda teksi rasmi za foleni, au tumia programu za Uber na Careem, au muwe mmeshakubaliana na dereva kabla ya kuondoka nyumbani. Makubaliano yawe ya maandishi, WhatsApp inatosha: jumla ya bei kwa riyali, namba ya gari, na saa za kusubiri. Kwa ziara za Madina mtajieni kila mahali kwa jina, Quba, Uhud, Qiblatayn, maana neno "ziara" peke yake dereva mmoja hulifanya vituo vitano na mwingine viwili. Akitaka fedha zote kabla ya kuwasha gari, tafuteni mwingine.