Mkuu usimwachishe mama hiyo warfarini

Weee, rudisha hivyo vidonge mezani kwanza! Yani mama ana miaka 74 na presha, kalazwa na korona, mapigo ya moyo yakavurugika akiwa wodini, karudi nyumbani na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wewe unauliza kuhusu mchicha na safari ya basi kwenda Mwanza huku katikati umechomeka kwamba jamaa wa famasi kasema moyo ushatulia, mwachishe, mpe aspirini ya watoto "maana ni zilezile". Si zilezile! Nani huwa anawafundisha hawa watu?

Mzee wangu alitoka wodini 2021, kipindi kile tunaita "changamoto ya upumuaji", karatasi imeandikwa AF, yani mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Nyumbani ukimshika chini ya dole gumba mapigo yako freshi tu, tukajua kapona. Aliyenishauri mimi naye alikuwa jamaa wa famasi, koti jeupe limenyooshwa pasi, eti warfarini ni sumu ya panya. Kweli panya waliuliwa nayo, hapo hakudanganya. Nikamwachisha, na sikufichi nilifurahi, foleni ya kupima INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ilikuwa imenichosha.

Asubuhi moja anakunywa chai kikombe kikamponyoka, chai ya moto imelowanisha kanzu hata hashtuki, mdomo umevutwa upande, namwita anatoa sauti tu. Kiharusi. Leo maneno yamerudi, ananigombeza vizuri sana, ila mkono wa kulia haushiki kijiko na vifungo vya shati namfunga mimi, navikosea, nagombezwa tena.

Huko hospitali ndo daktari akanifafanulia kitu nilichotakiwa kuambiwa siku ya ruhusa. Virusi vikimshika mzee, homa inapanda, oksijeni inashuka, akiharisha na potasiamu nayo inashuka, sasa moyo ulioshachoshwa na presha unapoteza mpangilio. Vyumba vya juu vinatetemeka tu badala ya kusukuma, damu inatuama kwenye kijimfuko cha chumba cha juu kushoto, inaganda, donge likichomoka linapanda kichwani. Na hali yenyewe inaondoka na kurudi inavyotaka, hata usiku kalala, mwenyewe hasikii chochote, so wewe kushika mkono mchana ukakuta mapigo yametulia haikwambii kitu. Kuamua kama aendelee na dawa, daktari anaangalia umri, presha, sukari, kama moyo umeshachoka, kama alishawahi kupata kiharusi. Aspirini donge la namna hii hailizuii vya maana, na tumboni bado inaweza kumtoa damu, yani unapata hasara zote mbili.

Aliyeiandika ndiye wa kuiondoa, akiwa na ECG mkononi, kile kipimo cha umeme wa moyo, BASI. Sio famasi, sio shangazi, sio mimi. Unaogopa damu itavuja? Kapime INR, wengi wenye AF hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, ikizidi watapunguza dozi. Ukiona choo cheusi au fizi zinatoka damu haziachi, hospitali siku hiyohiyo. Na Flagyl, Septrin, diclofenac asimeze hata kimoja kabla hujamuuliza daktari, zinagombana na warfarini na hao hao famasi ndo wanakuuzia bila kuuliza mgonjwa anatumia nini.

Hayo ya Mwanza nitarudi baadae, kichwa kimeshapata moto. INR yake ya mwisho ilisoma ngapi?