Msizime Projekta Kabla Filamu Haijaisha

Ijumaa iliyopita niliketi nyuma ya watazamaji katika ua mmoja wa Langoni, hapa Lamu, nikawaangalia vijana wetu wakionyesha Bab el-Hadid, filamu ya mwongozaji wa Misri, Youssef Chahine, ya mwaka 1958 ambayo wachache hapa waliwahi hata kuisikia. Picha ilikuwa imevutwa ikajaza shuka zima, nyuso za wachukuzi wa stesheni ya Kairo zikapanuka kama sinia, na kabla ya mwisho mmoja wenu akawasha taa kwa kuwa watoto walianza kusinzia. Basi hakuna aliyemwona Qinawi, muuza magazeti ambaye Chahine mwenyewe ndiye aliyemwigiza, akivishwa nguo ya kufungia wendawazimu huku akiamini anavishwa nguo ya harusi. Wanangu, mnabeba spika vichochoroni baada ya kazi za mchana kutwa bila malipo, nami nawapenda kwa hilo, lakini kosa hili nalijua na sitaki mlirithi.

1. Filamu za zamani zina umbo lake, aghalabu 4 kwa 3, yaani upana kwa kimo. Acheni weusi ubaki pande zote mbili za shuka.

2. Anzeni na fupi. Borom Sarret ya Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, ya mwaka 1963, ni ya dakika 20 hivi, na inamhusu mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar ambaye siku yake nzima ya kazi inaishia kwa polisi kumnyang'anya mkokoteni. Niliwaonyesha wabeba mizigo wenye punda pale gatini, na hapakuhitajika maelezo. Mmoja alisimama akamkemea yule polisi.

3. Onyesheni mpaka mwisho. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuonyesha filamu nilichagua La Noire de..., filamu ya Sembène ya mwaka 1966 yenye urefu wa kama saa moja. Diouana, msichana wa Dakar, anapelekwa Ufaransa akidhani atalea watoto, lakini akifika Antibes anafungiwa katika kazi za nyumba, na Ufaransa yake yote inakuwa jiko, bafu, sebule na chumba cha kulala. Kabla ya safari alikuwa amewapa waajiri wake kinyago kama zawadi, nao wakakitundika ukutani. Stima ilipotea baada ya magharibi, tukachelewa kuanza, na Diouana alipojiua bafuni isha ilikuwa imekaribia. Nilikwisha kuitazama filamu ile, nikijua vizuri kwamba zimebaki dakika kadhaa, lakini nikazima projekta na kutangaza kwamba imekwisha.

Kesho yake alikuja mama mmoja wa mtaa wetu, aliyefanya kazi za nyumbani Uarabuni miaka minne na kurudi na mkoba mmoja tu. Hakutaka kuketi barazani. Akaniuliza akiwa amesimama, "Mwanangu, na ule mshahara wake, mamake alipelekewa?" Alisema hakulala usiku kwa sababu ya swali hilo. Nikatambua kwamba nilikuwa nimemnyima jibu lake mimi mwenyewe, kwa kutangaza neno la uongo, kwani zile dakika nilizozikata ndizo zinazomwonyesha mwajiri akirudi Dakar na sanduku la marehemu, kinyago na pesa.

Nilimfuata nyumbani kwake na kompyuta, tukaiweka juu ya mkeka. Mama yake Diouana alipokataa kuzipokea zile pesa, jirani yangu alishika ukingo wa buibui lake kwa vidole viwili na kusema taratibu, "Kazikataa." Kisha mtoto mdogo akajifunika uso kwa kinyago na kumfuata mwajiri nyuma kwa nyuma, naye mtu mzima yule akiharakisha hatua na kugeuka kila mara kwa hofu. Mama hakusema kitu mpaka picha ikaisha. Akaniomba nirudishe nyuma, tuanzie pale sanduku linapofikishwa, na mara hii alilia. Nilimwomba radhi. Alinisamehe, lakini wale wengine waliotoka uani usiku ule wakiamini kwamba kifo cha Diouana ndio mwisho, sikuweza kuwafikia wote.

4. Msoma tafsiri aitazame filamu mara mbili kwanza, na palipo kimya naye anyamaze.

Ijumaa ijayo mmepanga Mandabi, ya Sembène pia, ya mwaka 1968, inayomhusu Ibrahima Dieng anayetumiwa hawala na mpwa wake kutoka Paris, kisha akahangaishwa ofisi hadi ofisi kwa kuwa hana kitambulisho. Chaguo ni zuri mno kwa pwani hii, ambako vijana wetu wanajua foleni hizo. Ni ya saa moja na nusu hivi. Anzeni baada ya isha, jenereta iwe na mafuta, na yule mama mumwekee kiti cha mbele.