Huyo wa Mabogini si kadinali

Dada, huyo ndege mwekundu uliyemwona kwenye mpunga kule Mabogini ukamwita kadinali ni kweche. Tazama tumbo: jeusi tititi. Kadinali dume ni mwekundu mpaka tumboni, ana shungi kichwani na mdomo mnene, tena haishi huku, ni wa mabara ya Amerika. Halafu msimu wa kuzaa ukipita kweche dume huvua joho lake akabaki kahawia kama shomoro; kadinali havui mwaka mzima.

Rangi iliwachanganya hata wataalamu. Kuna ndege wa Marekani waitwao tanaja wekundu: walihesabiwa ukoo wa tanaja miaka mingi, DNA ikawahamishia kwa makadinali. Na yule wa Amerika Kusini mwenye shungi jekundu, wote wanamwita kadinali, kumbe ndiye tanaja!