Dokta, kuna kipimo cha DNA cha ugonjwa wa fizi, mbona mimi nilichomwa chomwa tu na kichuma?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 38, huu mwaka wa pili nikipiga mswaki natema mate yenye damu, asubuhi ndo zaidi. Nilienda kwa daktari wa meno, akawa anaingiza kichuma chembamba pembeni ya kila jino huku anamtajia msaidizi wake namba, mbili, tatu, tano, sita, akapiga eksrei, akasema nina ugonjwa wa fizi nikwanguliwe ugaga. Hakuchukua mate wala damu. Mtandaoni nimesoma siku hizi wanapima DNA kwenye mate na bakteria wanatajwa kwa majina kabisa. Je, mimi nilipimwa kizamani? Na mama yangu meno yalianza kulegea akiwa na umri kama wangu, hii kitu ni ya kurithi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hapana, ulipimwa vizuri sana. Zile namba ni milimita. Kile kichuma kina alama, kinateremka kati ya ufizi na jino mpaka kinapogota, kwenye ufizi wenye afya kinagota kwenye 1 mpaka 3, sasa ukisikia tano na sita ujue ufizi umeachia jino na pamekuwa na mfuko, na eksrei ndo inayoonyesha mfupa umeshuka kiasi gani. Hakuna kipimo cha DNA kinachoweza kukwambia mfupa wako umeshuka kiasi gani. Hata utaratibu wa kimataifa wa kuupanga ugonjwa huu, uliokubaliwa kwenye mkutano wa 2017 kule Chicago, hatua ya 1 mpaka ya 4 kwa ukubwa wa uharibifu na daraja A mpaka C kwa kasi yake, umesimama juu ya vipimo hivyohivyo pamoja na sigara na kisukari, vipimo vya molekuli, kama hicho cha DNA, wameviachia nafasi tu viingie vikishathibitika.

Ila nakuelewa kwa nini unauliza, maana kichuma kina udhaifu wake nao ni mkubwa: kinapima uharibifu ambao umeshatokea. Leo ninapokuandikia sita, siwezi kujua kwa kichuma peke yake kama hiyo sita ni ya miaka mitano iliyopita na imetulia au ni moto unaowaka sasa hivi. Damu inasaidia kidogo, ufizi usiotoka damu kila tunapoukagua kwa kawaida umetulia, lakini unaotoka damu si lazima mfupa uendelee kuliwa, na mvutaji sigara anaweza asitoke damu nyingi huku ndani kunaharibika. Hapo ndo hizi teknolojia mpya zinaponipa matumaini kwa kweli.

Tuanze na bakteria. Zamani tulikuwa tunaotesha maabara, na wengi wa kwenye mfuko wa fizi wakikutana na hewa tu wanakufa, kwa hiyo tulikuwa tunawaona wale wavumilivu. Halafu ikaja PCR, aliyoibuni Kary Mullis 1983, yaani unachukua kipande kidogo cha DNA unakizidisha mara mbili, na tena mara mbili, mizunguko 30 una nakala kama bilioni, kwa hiyo hata bakteria wachache mno wanaonekana bila kuoteshwa. Baadaye wakaanza kusoma jeni moja, yaani kipande kimoja cha DNA, ambayo kila bakteria anayo, inaitwa 16S, ndo tukajua mdomo wa binadamu una aina kama 700. Mwaka 1998 watafiti wa Boston walitumia uchunguzi wa DNA wakaona watatu wanaopenda kukaa pamoja kwenye mifuko yenye kina, Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola, wakawaita kundi jekundu.

Sasa nisikilize hapa maana ndipo watu wanapoliwa hela zao. Hao watatu unaweza kuwakuta hata kwa mtu mwenye fizi nzima kabisa, ila wachache. Na kuna jaribio la panya la 2011 ambalo kwangu mimi lilibadilisha mambo: P. gingivalis akiwekwa kwa kiasi kidogo sana kwenye mdomo wenye bakteria wengine, wale wengine wanavurugika na mfupa unaliwa, lakini panya aliyelelewa bila bakteria hata mmoja akipewa huyohuyo peke yake, mfupa haudhuriki. Kwa hiyo karatasi yenye majina ya bakteria haijakwambia una ugonjwa, imekwambia nani yupo.

Wapo ambao jina linawasaidia kweli, hasa vijana wanaopoteza mfupa haraka. Kule Moroko kuna aina ya Aggregatibacter actinomycetemcomitans inayoitwa JP2, imepotewa na herufi 530 za DNA kwenye swichi ya sumu yake, basi inamwaga sumu nyingi inayoua seli nyeupe za damu. Utafiti wa 2008 ulifuatilia vijana wa huko miaka miwili na waliokuwa na JP2 hatari yao ilikuwa mara nyingi zaidi kuliko wasiokuwa nayo, na PCR inalitambua hilo pengo moja kwa moja.

Ninachokipenda zaidi lakini hakipimi bakteria, kinapima mwili wako unavyojibu. Seli nyeupe zikikasirika zinatoa kimeng'enya MMP-8 kinachokata kolajeni, zile kamba zinazoshika jino. Unasukutua maji, matone yanawekwa kwenye kifaa kama cha kupima mimba, baada ya dakika tano mstari wa pili ukitokea maana yake kiwango kimefika nanogramu 20 kwa mililita. Kinasaidia kufuatilia, lakini kinakosea pia, kwa hiyo kinakaa pembeni ya kichuma.

Kuhusu mama, ndiyo, kurithi kupo. Utafiti wa mapacha Marekani, 2000, ulikadiria karibu nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na urithi. Ila ni jeni nyingi kila moja na mchango mdogo, usinunue kipimo cha jeni moja. Wewe kakwanguliwe, pima sukari, kama unavuta acha, safisha katikati ya meno kila siku, na baada ya miezi kama mitatu rudi zile namba zisomwe upya.

SWALI: Nimekwanguliwa wiki iliyopita nikapeleka mate kupimwa, majibu yanasema bakteria wabaya bado wapo. Dokta hakufanya kazi?

JIBU: Usimlaumu bado. PCR ya kawaida inasoma DNA ya bakteria aliyekufa sawasawa na ya aliye hai, na wiki moja ni mapema mno. Usikimbilie antibayotiki kwa karatasi hiyo, subiri fizi ipone kisha apime mifuko, tano ikirudi tatu na damu ikakatika, kazi ilifanyika.