Jibu: Sahani ya Quimper yenye alama ya HR

Ndugu, umeuliza kama sahani yako ya Quimper, mji wa vyombo vya udongo huko Bretagne, Ufaransa, yenye herufi HR ni ya zamani kweli, na kama inafaa kulia chakula.

Herufi hizo ni dalili nzuri. Kiwanda cha Henriot kiliziacha mwaka 1922, baada ya washindani wake wa HB, kiwanda kingine cha Quimper, kulalamika kwamba zinafanana mno na zao. Ndipo kikaanza kuandika "Henriot Quimper". Alama ikiwa halisi, sahani imepita miaka mia. Ila usiishie hapo. Ipeleke dirishani, uiinamishe kidogo: yule mwanamume wa Bretagne mwenye kofia pana aliye kwenye sahani alichorwa kwa mkono, kwa hiyo utaona brashi ilipokolea na ilipofifia. Chini ya kioo cha kukuzia, ukikuta vitone vidogo vilivyopangana kama picha ya gazeti, huo ni uchapishaji. Mimi nisingeinunua. Mapengo madogo ukingoni ni kawaida, udongo wake ni laini. Nakuomba usiyapake rangi.

Kulia chakula, hapana. Vyombo vya aina hii vilipakwa glezi (utando unaong'aa kama kioo) yenye madini ya risasi, na ndimu au siki huyatoa. Itundike ukutani, lakini epuka vishikio vya springi kali.