Imba Kwanza, Programu Ije Baadaye

Wimbo wangu wa kwanza wa akili mnemba ulikamilika upesi mno: beti, kibwagizo, besi, hadi waitikiaji. Usiku ule niliusikiliza mara kumi kwa furaha. Asubuhi nikataka kuuimba, haukuja hata mstari mmoja. Haukutoka kwangu, nadhani ndiyo maana haukunikaa.

Tangu hapo siifungui programu kabla sijarekodi kitu changu kwenye simu. Sekunde 20 za kuvumisha sauti mdomo ukiwa umefumbwa zinatosha. Suno, kwa mfano, programu ya akili mnemba ya kutengeneza nyimbo, inakuruhusu kupakia kipande chako, nayo ikajenga juu yake. Lakini usiombe wimbo mzima. Omba kitu kimoja: kodi za gitaa (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za kukaa chini ya melodia yako, au mdundo wa ngoma peke yake. Ukipewa faili la MIDI, shukuru, maana halibebi sauti, linabeba maelezo ya noti: ipi ipigwe, lini, kwa nguvu kiasi gani. Noti isiyokupendeza unaihamisha. Wimbo uliokwisha kuwa sauti ni mgumu kuufumua.

Maneno ndiyo yaliyonitesa zaidi. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mashine haijali. Kwenye "nakupenda" yangu iliegemea "nda", na pigo zito likaangukia hapo hapo. Waimbaji hufanya hivyo kwa makusudi na hupendeza. Hii ilifanya kwa kutojua, na sikio linatambua. "Ng'aa" nayo ikatoka "ngaa", kibwagizo kizima kikaharibika. Sasa kila ubeti nausoma kwanza kama mazungumzo huku napiga makofi. Penye mkazo na kofi kupishana, nabadilisha neno au nasogeza noti. Sauti ya kuimba naiweka mwenyewe, hata kama yangu si nzuri kama ile ya mashine.

Kuna na suala la hakimiliki. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba maelekezo unayoiandikia programu, peke yake, hayatoshi kukufanya mtunzi wa kilichotoka. Kinacholindwa ni ulichotunga wewe. Kwa hiyo ile rekodi ya simu usiifute, hata ikiwa na kelele za feni. Ihifadhi pamoja na tarehe yake, na kila toleo la maneno uliloandika kwa mkono.