Mkono wa nyanya haukutulia

Wiki hii mmetuuliza ni picha gani ya zamani ya nyumbani ambayo hatungekubali ipotee. Yangu ni ndogo, haizidi kiganja, ina kingo za meno meno kama picha nyingi za zama zile, na pini iliyowahi kuitoboa juu imeacha doa la kutu. Ilipigwa Mombasa siku ya Idd, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuna lori lililofungwa makuti mabichi kila upande, na juu ya lori wanawake tisa waliovaa sare, wanaimba.

Wa tatu kutoka kushoto ni nyanya yangu. Mkono wa kushoto ameshika vugo, yaani pembe ya nyati, wa kulia kijiti cha kuipigia. Lakini huo mkono wa kulia hauonekani sawasawa, umetanda kama moshi. Nilipokuwa mdogo nilimwambia picha yake imeharibika. Akanijibu: "Haikuharibika, mwanangu. Mpiga picha alitaka nitulie. Kwani vugo hupigwa kwa mkono uliotulia?"

Kwa ambao hawakukulia pwani, nieleze kidogo. Tangu miaka ya 1890 miji yetu ilikuwa na beni: wanaume wamejigawa vyama, wamevaa kama wanajeshi wa Kizungu, wana ngoma kubwa na matarumbeta, wanashindana mtaa kwa mtaa. Mombasa vyama vilikuwa Kingi na Sikochi. Tanganyika, Marini na Arinoti. Vita vya kwanza vilipokwisha, askari na wapagazi waliorudi kwao waliifikisha beni hadi Nyasaland, Malawi ya leo, na Kongo. Wanawake nao walikuwa na ngoma yao, lelemama, na hawakuwa nyuma hata kidogo. Siku za nyanya vyama vilivyotamba Mombasa vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Kila kimoja na viongozi wake, sare yake, michango yake, na nyimbo za kumchoma mpinzani bila kumtaja jina. Wakipanda malori kuuzunguka mji, waliita gwaride. Ng'ombe walichinjwa, na wapo waliouza dhahabu zao ili chama kisiaibike. Nyanya alikuwa wa Ibinaal Watan, na mpaka anafariki hakukubali kwamba Banu Saada waliwahi kuwashinda.

Utumwa ulifutwa pwani ya Kenya mwaka 1907. Bibi aliyemzaa mzazi wa nyanya alikuwa mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani, na katika mji ule watu hawakusahau upesi nani katoka wapi. Lakini juu ya lori, nyanya na binti za kiungwana walivaa sare moja, na aliyejua kutunga ndiye aliyesikilizwa. Nyanya alijua kutunga.

Idd hiyo ilikuwa ya 1943. Manowari za Kiingereza zilikuwa zimejaa bandari yetu ya Kilindini tangu mwaka uliotangulia, Wajapani walipoishambulia Colombo na meli nyingi zikahamishiwa kwetu. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa na wanamaji, na ndani yake wataalamu wakawa wanafumbua ujumbe wa siri wa Wajapani; nyanya alichojua ni kwamba watoto hawasomi humo tena. Leso zilizokuwa zikitoka Japani hazikuja. Ukiikazia macho picha utaona sare za wale wanawake zinafanana kwa mbali tu: mbili zimeungwa vipande kiunoni kwa sababu kitambaa hakikutosha. Moja ya hizo nyanya aliishona mwenyewe, usiku, taa imefunikwa.

Chini, karibu na gurudumu la nyuma, amesimama kijana mwenye kofia ya Keya, wanajeshi Waafrika wa Waingereza, iliyokunjwa upande mmoja. Ni kaka yake nyanya. Alikuwa mpiga mizinga katika Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki, amekuja ruhusa ya siku 7. Kasimama wima kama alivyofundishwa, kwa hiyo sura yake ndiyo iliyotoka safi kuliko zote; hata vifungo vya shati utavihesabu.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo na kikosi chake ndani. Tarehe 12, upande wa visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kabla hazijatimia dakika tatu. Walikuwemo watu 1,511, wauguzi wa kike wakiwa miongoni mwao, na 1,297 walikufa. Waliopotea baharini wana ukumbusho katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Nyanya hakuwahi kufika huko. Alikuwa akiitoa picha, anaweka kidole chini ya sura ya nduguye, kamwe si juu yake, asije akaifuta.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Lelemama ilipofifia mwishoni mwa miaka ya 1950, wengi wa viongozi wake waliingia katika vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu, na mjini watu wakaanza kuona haya kutaja ngoma. Baba yangu hakupenda mgeni amwone mama yake kichwa wazi juu ya lori. Picha ikakaa chini ya kasha miaka mingi, na ikitolewa ilikuwa ni kwa ajili ya marehemu tu. "Hii ni picha ya vita," baba alisema. Nyanya, aliyekuwa hambishii mwanawe mbele za watu, hapo alimbishia: "Hiyo ni picha ya gwaride. Vita vimesimama pale chini."

Baba nilimpenda, lakini kwa hili alikosea. Kwa kuwa hatukuuliza mapema, katika wanawake tisa nayajua majina ya wanne. Wa pili kutoka kushoto, anayecheka akimtazama nyanya badala ya kamera, ana kipini puani na leso ya pili begani. Nyanya alimwita somo, basi. Alikaa mtaa wa Kuze, na nyanya alisema sauti ya somo wake ilisikika mpaka Ngomeni. Kama nyanya yako alikaa Kuze na akipiga vugo na Ibinaal Watan, au kwenu ulisikia akitajwa mtu wa namna hiyo, tafadhali niandikie kupitia kwa mhariri. Nimekwisha kutoa nakala ya picha, kubwa, na nyuma yake nimeacha nafasi ya jina.